Ethanoli yote imegeuka, zeoliti inakufa: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa chenyewe ni cha mtambo mdogo wa maabara: bomba la chuma ndani ya tanuri, nusu gramu ya zeoliti (fuwele ya silikoni, alumini na oksijeni yenye vitundu vidogo mno, ambayo hapa ndiyo kichocheo) aina ya HZSM-5 iliyochanganywa na mchanga wa kwatzi, pampu ndogo ya kusukuma ethanoli, naitrojeni ya kuibeba, na kromatografu ya gesi (chombo kinachotenganisha na kupima gesi moja moja) upande wa kutokea. Sikukiokota kwenye maabara moja. Nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanaofanya kazi hii, na viwango vya mazao nimevizungusha ili hoja ionekane. Hesabu za kemia zenyewe hazibadiliki, awe nani anayezifanya.

Kilichotafutwa kilikuwa propilini, gesi ya kutengenezea plastiki. Ethilini haikuwa na mvuto, maana kuipata kutoka kwenye ethanoli ni kazi inayofanyika viwandani tayari. Kiwanda cha Braskem cha Triunfo, kusini mwa Brazil, kilianza mwaka 2010 kikiwa na uwezo wa kutengeneza tani 200,000 za ethilini kwa mwaka kutokana na ethanoli ya miwa. Ethanoli ina kaboni 2, ethilini ina kaboni 2. Unachofanya ni kuitoa maji tu. Propilini ina kaboni 3, na hapo ndipo zeoliti inapoitwa: lazima molekuli ziunganishwe, kisha zipasuliwe mahali pengine tofauti na pale zilipoungana.

Joto liliwekwa nyuzi 500 za Selsiasi kwa kanieneo ya kawaida ya hewa. Ethanoli kavu iliingia gramu 2 kwa saa, kwa hiyo kila gramu ya kichocheo ilipitiwa na gramu 4 kila saa. Chupa ya zeoliti ilikuwa na namba 30 kwenye lebo. Namba hiyo tutairudia, maana nayo ilisomwa vibaya.

Sampuli ya kwanza ilitoka na propani, butani na aromatiki nyingi (benzini, toluini, zailini), huku propilini ikiwa kama moja ya kumi ya kaboni yote iliyoingia. Saa zilivyosonga aromatiki zilipungua na propilini ikapanda hadi karibu robo. Ikatulia hapo kwa muda, halafu ikaanza kuteremka, na mwishoni gesi iliyokuwa ikitoka ilikuwa karibu ethilini tupu. Muda wote huo kromatografu haikuona ethanoli wala ethari. Masizi (kaboni iliyoganda kwenye zeoliti) yakachomwa kwa hewa, kisha mzunguko wa pili ukaendeshwa. Safari hii aromatiki za mwanzo zilikuwa chache zaidi, propilini ilifika kileleni mapema, na ilishuka mapema.

Ripoti ikasema mambo matatu. Kichocheo ni imara, kwa kuwa ugeuzwaji wa ethanoli ulikuwa asilimia 100 tangu mwanzo hadi mwisho. Kinahitaji saa chache za kuamka kabla ya kutoa propilini vizuri. Na kukichoma kunakiboresha, kwa kuwa mzunguko wa pili ulikuwa na aromatiki pungufu. Kwa msingi huo likaombwa bomba kubwa mara kumi.

Vipimo vyote vilivyomo kwenye ripoti ile ni sahihi. Ni maelezo yake yaliyoelekea upande usiofaa, na yote matatu yana chanzo kimoja: ethilini ilihesabiwa kama zao, wakati kwenye tabaka hili (zeoliti iliyopangwa ndani ya bomba) ethilini ndiyo malighafi.

Ethanoli ni mtihani mwepesi mno

Kuitoa ethanoli maji ni mmenyuko ambao karibu kila kituo cha asidi (mahali kwenye kichocheo panapotoa protoni) kinauweza. Alumina ya kawaida, ambayo asidi yake ni dhaifu kuliko ya ZSM-5, huufanya kati ya nyuzi 300 na 450. HZSM-5 huufanya hata kwenye nyuzi 200 na kitu. Ukiipandisha hadi 500, ethanoli huishia kwenye milimita chache za mwanzo za tabaka. Sehemu yote iliyobaki haikutani nayo kabisa. Kwa hiyo hata sehemu kubwa ya tabaka ikifa, kipande kilicho hai bado kitaimaliza ethanoli yote. Kuisifu zeoliti kwa asilimia 100 ya namna hii ni kama kumsifu mwogeleaji kwa kuvuka dimbwi lililomfika vifundoni.

Dalili za kuchoka hufuatana kwa mpangilio. Kwanza hutoweka aromatiki. Kisha hupungua olefini (haidrokaboni zenye muungano maradufu, kama ethilini na propilini) za kaboni 4 na zaidi pamoja na propilini, na ethilini ikajaa. Baadaye sana, kichocheo kikiwa kimekwisha kazi, ndipo huonekana ethari (molekuli mbili za ethanoli zilizotoa maji ya molekuli moja) na ethanoli yenyewe. Anayesubiri dalili hiyo ya mwisho ndipo aseme kichocheo kimechoka atakuwa amechelewa saa nyingi.

Dawa yake ni ya kwenye jedwali, haihitaji chombo kipya. Jumlisha ethanoli, ethari na ethilini, uziite zote malighafi ambayo haijafanya kazi, kisha ukokotoe ugeuzwaji upya. Takwimu zilezile zikipitishwa kwenye hesabu hii, mstari uliokuwa umelala kwenye 100 unageuka mteremko unaoanza juu na kuishia karibu na sifuri. Sioni sababu ya mtu yeyote anayetafuta propilini kuchapisha ugeuzwaji wa ethanoli peke yake. Haudanganyi, ila hauna habari yoyote.

Propilini ilipanda kwa sababu gani

Ethilini ni ngumu kuamshwa na asidi. Ikipokea protoni inazaa ioni ya kaboni isiyo thabiti, wakati propilini na butini huzaa zilizo thabiti zaidi na hivyo huchangamka upesi. Ndiyo maana ethilini inahitaji vituo vikali vya asidi na joto kubwa, na hujiunga kwa urahisi zaidi pale ambapo tayari kuna olefini nzito za kuipokea. Zikishaungana hupatikana minyororo ya kaboni 4, 5, 6 na zaidi. Mnyororo wa kaboni 6 ukipasuka katikati hutoa propilini mbili. Wa 5 hutoa propilini moja na ethilini moja.

Shida ni kwamba tabaka jipya haliishii hapo. Olefini moja humpa mwenzake haidrojeni. Anayepokea anakuwa parafini (haidrokaboni iliyojaa haidrojeni) kama propani, anayetoa anaendelea kupungukiwa na haidrojeni hadi anajifunga pete na kuwa aromatiki. Ndizo propani na toluini za sampuli ya kwanza. Propilini basi ni kituo cha katikati cha safari, na kichocheo kipya chenye nguvu nyingi kilikuwa kikiivusha hapo bila kusimama. Masizi yalipoanza kuziba, sehemu hai ya tabaka ilifupika, safari ikakatika mahali ambapo propilini ni nyingi zaidi. Ikaendelea kufupika, na safari ikakatikia kwenye ethilini. Kile walichokiita kuamka kilikuwa nusu ya kwanza ya kufa.

Wazo la kuamka nadhani liliazimwa kutoka kwa methanoli, ambako ni kweli. Methanoli haina muungano wowote wa kaboni kwa kaboni. Lazima zeoliti ijikusanyie kwanza akiba ya haidrokaboni ndani ya vitundu vyake, na akiba hiyo ndiyo inayozaa olefini. Kabla akiba haijajengeka mazao ni haba. Ethanoli inaingia ikiwa na muungano huo tayari na inatoa ethilini papo hapo. Kuchukua maelezo ya jirani kwa sababu umbo la mchoro linafanana ni kishawishi kinachoeleweka, ila kinaweza kupimwa kwa siku moja: weka kichocheo kipya robo gramu badala ya nusu, halafu sehemu ya nane ya gramu, kwa mtiririko uleule. Kama sampuli ya kwanza ya kichocheo kipya kilichopunguzwa inafanana na sampuli ya katikati ya ule mzunguko mrefu, hakuna kuamka kokote. Ni muda wa mguso tu uliopungua.

Sasa ile namba 30. Wauzaji wengi wa zeoliti huandika uwiano wa silika kwa alumina, na kila molekuli ya alumina ina atomi 2 za alumini. Kwa hiyo 30 ya lebo ni 15 kwa uwiano wa silikoni kwa alumini, ambao ndio unaotumika kwenye makala nyingi za kitaaluma. Kikundi kilidhani kina zeoliti ya wastani; kilikuwa na yenye vituo vya asidi karibu maradufu ya vile kilivyodhani. Kiunzi cha ZSM-5 kina nafasi 96 za silikoni au alumini katika kila chumba kimoja cha fuwele, na mifereji yake hukutana kwenye njia panda 4. Kwa uwiano wa 15, alumini ni 6 kwa chumba, yaani zaidi ya moja kwa kila njia panda. Kwa uwiano wa 40 zingekuwa 2 na kitu. Molekuli inayopita kwenye mifereji yenye vituo 6 inagongwa tena na tena kabla haijatoka, na kila mgongano unaisogeza karibu na aromatiki. Nina hakika kwamba nusu ya aromatiki walizolalamikia zilinunuliwa pamoja na ile chupa. "Nusu" hapa ni namna ya kusema, lakini hoja inasimama.

Mtu akapendekeza wahamie SAPO-34 (kichocheo kingine cha jamii ya zeoliti), ambayo madirisha yake yana upana wa nanomita 0.38 hivi na hayapitishi aromatiki kabisa. Mifereji ya ZSM-5 ina kati ya 0.51 na 0.56, inatosha kupitisha benzini na zailini. Ni kweli SAPO-34 haitoi aromatiki nje. Inazizaa ndani, kwenye vyumba vyake vipana, na zikishazaliwa hazina mlango wa kutokea. Vyumba hujaa haraka. Kwa sababu hiyo viwanda vinavyogeuza methanoli kuwa olefini kwa SAPO-34 huzungusha unga wa kichocheo bila kukoma kati ya chombo cha mmenyuko na chombo cha kuchomea masizi. Kuitia kwenye bomba lililotulia ni kujitafutia kazi ya kuchoma masizi kutwa.

Kaboni iliyopotea haionekani kwenye mizania

Ripoti ilijivunia mizania ya kaboni (kaboni iliyotoka ikilinganishwa na iliyoingia) kati ya asilimia 98 na 101. Kwa kromatografu ya gesi hiyo ni kazi safi. Haitoshi hata kidogo kwa swali lililopo. Gramu 2 za ethanoli zina gramu 1.04 za kaboni. Asilimia 1 tu ya hiyo ikibaki kwenye zeoliti kama masizi, ni miligramu 10 kwa saa. Kwa saa 10 ni miligramu 100 juu ya kichocheo cha miligramu 500. Sehemu moja kwa tano ya uzito wa kichocheo ingejaa masizi, na mizania ingeendelea kusomeka 99. Kinachoua kimejificha ndani ya kosa la kawaida la kipimo.

Masizi hupimwa kwenye kichocheo chenyewe. Chukua kidogo baada ya mzunguko, kichome kwa hewa juu ya mizani ya joto, usome uzito unaopotea. Afadhali zaidi ukitenganisha tabaka vipande vitatu, cha juu, cha kati na cha chini, uone masizi yameanzia wapi.

Mzunguko wa pili

Hapa ndipo kisa kinaponoga, kwa sababu maelezo ya masizi peke yake hayatoshi. Masizi yakichomwa yakaisha, kichocheo kilichotoka ni kilekile kilichoingia, na sampuli yake ya kwanza ilipaswa kurudi na aromatiki zilezile. Haikurudi. Kuna kitu kilichopotea ambacho moto haukukirudisha.

Mshukiwa ni maji. Kila molekuli ya ethanoli inaachia molekuli moja ya maji: gramu 2 kwa saa zinazaa gramu 0.78 za mvuke, kwenye nyuzi 500, juu ya nusu gramu ya zeoliti. Mvuke wa moto hung'oa alumini kwenye kiunzi, na kila alumini inayong'oka inaondoka na kituo chake cha asidi. Wakati wa kuchoma mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu masizi yana haidrojeni ambayo ikiungua huwa maji, na mahali panapoungua panakuwa na joto kuliko kipimajoto kinavyosema. Ushahidi hupatikana kwa mwangwi wa sumaku (NMR) wa alumini-27: alumini iliyo kwenye kiunzi husomeka karibu na 55 ppm, iliyong'oka na kuzungukwa na oksijeni 6 husomeka karibu na 0. Asiye na chombo hicho anaweza kupima amonia inayoshikwa na kichocheo kabla na baada. Ikipungua na isirudi hata baada ya kuchoma, jibu limepatikana.

Kwa hiyo kule "kuboreka" kwa kichocheo baada ya kuchomwa ni zeoliti iliyopoteza vituo vya asidi. Lakini sitaki kuwacheka, kwa sababu walijikwaa kwenye jambo lenye faida. Zeoliti yenye vituo vichache kweli inafaa zaidi kwa propilini. Watu huziloweka ZSM-5 kwenye asidi ya fosfori kwa makusudi, fosforasi ikatuliza vituo vikali na wakati huohuo ikasaidia alumini kushikilia kiunzi mbele ya mvuke. Wengine hununua tu zeoliti yenye alumini kidogo, au huipitishia mvuke kabla ya kuitumia. Tofauti ni kwamba hao huamua watafika wapi. Kwenye kisa chetu mvuke uliamua, na utaendelea kuamua kila mzunguko hadi kisiwepo cha kung'oa.

Maji yana upande wa pili pia. Ukiyaongeza kwenye ethanoli inayoingia, yanagombania vituo vya asidi na kupunguza masizi, huku yakiharakisha kung'oka kwa alumini. Kwa zeoliti isiyotulizwa ningeyaogopa. Kwa iliyotiwa fosforasi ningeyajaribu mapema. Na kwa vyovyote, ethanoli kavu ilikuwa anasa. Kutonesha (kuchemsha na kupoza mvuke ili kutenganisha) kwa kawaida hukwama kwenye asilimia 95.6 za ethanoli kwa uzito, na kuvuka hapo ni gharama ya nishati ambayo mmenyuko unaojitengenezea maji wenyewe hauihitaji. Cha kuangalia zaidi ni takataka za uchachushaji: asetaldehidi huungana upesi na kuwa masizi, na misombo ya naitrojeni yenye tabia ya besi hukaa juu ya vituo vya asidi na kuvizima. Matokeo ya ethanoli safi ya chupa hayaelezi lolote kuhusu hayo.

Kuhusu bomba kubwa

Nusu gramu ndani ya tanuri hupata joto kutoka ukutani bila shida. Ukiikuza mara kumi, joto linaanza kuwa na maoni yake. Kutoa maji kwenye mole 3 za ethanoli kunakula kilojuli 136. Kugeuza ethilini 3 zilizopatikana kuwa propilini 2 kunarudisha kilojuli 117. Kwa jumla safari nzima inahitaji 19 tu, kiasi kidogo kinachompumbaza mpangaji, kwa sababu vile viwili havitokei mahali pamoja. Mlangoni mwa tabaka panapoa, mbele yake panachemka. Ethanoli tupu ikigeuzwa kuwa ethilini bila kupewa joto lolote ingeshuka zaidi ya nyuzi 300; ndiyo maana viwanda vya ethilini huichanganya na mvuke au huigawa kwenye vyombo kadhaa na kuipasha moto katikati. Kipimajoto kimoja cha katikati hakitaona hata upande mmoja vizuri. Kinachoweza kusogezwa juu na chini kitaona zaidi ya hayo: eneo la moto likihama kuelekea chini saa baada ya saa, kwa jinsi sehemu ya juu inavyokufa.

Halafu kuna uzito. Robo ya kaboni inasikika vizuri, lakini maji yanaondoka na sehemu yake. Hata mmenyuko mkamilifu hutoa gramu 61 tu za olefini kwa kila gramu 100 za ethanoli. Robo ya hizo ni gramu 15. Kilo moja ya propilini ingekula kilo 6 na nusu za ethanoli, na hiyo ni kwenye kilele, si wastani wa mzunguko.

Mtu anayetaka propilini na propilini tu ana njia nyingine: ageuze ethanoli kuwa ethilini kwa alumina, aunganishe sehemu ya ethilini ziwe butini, kisha butini na ethilini zibadilishane vipande kupata propilini. Hatua hiyo ya mwisho ni kongwe. Kampuni ya Phillips iliiendesha kinyumenyume huko Shawinigan, Kanada, kati ya mwaka 1966 na 1972, ikigeuza propilini kuwa ethilini na butini. Ni njia ndefu, ila kila hatua inajulikana inafanya nini. Tabaka moja la zeoliti lina maana zaidi, kwa maoni yangu, pale ambapo mchanganyiko wa ethilini, propilini na butini wenyewe una mnunuzi, au ethilini iliyobaki inaweza kurudishwa mlangoni bila gharama kubwa ya kuitenganisha.

Ombi la bomba kubwa lisubiri. Kwanza ziendeshwe robo gramu na sehemu ya nane kwa kichocheo kipya. Kisha zeoliti yenye uwiano wa silikoni kwa alumini wa 40 hivi, na nyingine hiyohiyo iliyotiwa fosforasi, zote mbili zikipitia mizunguko kadhaa ya kuchomwa. Kuchoma kuanze na oksijeni asilimia 1 au 2 ndani ya naitrojeni, joto lipande polepole na lisizidi nyuzi 550, na sampuli ya kwanza baada ya kila kuchoma ilinganishwe na sampuli ya kwanza kabisa. Kama ile iliyotiwa fosforasi inarudi palepale na isiyotiwa inateleza, uamuzi wa kichocheo umekwisha na kinachobaki ni mjadala wa joto.